Kusaka nyota zinazoikimbia galaksi: uanze na spektra, Gaia, au picha za infraredi?

Kuna nyota ambazo galaksi yetu imeshindwa kuzishika. Jua na majirani zake huzunguka kitovu cha Njia Nyeupe kwa kilomita 230 hivi kwa sekunde, na uvutano wa galaksi unatosha kuwazuia wasitoke. Lakini zipo nyota chache zinazokwenda mara tatu, mara tano, hata mara kumi ya hapo. Hizo zimeshaaga, na hazirudi.

Anayetaka kuzisaka leo, awe mwanafunzi wa fizikia anayetafuta mada ya tasnifu, mwalimu mwenye klabu ya sayansi au mtu tu aliyeingiwa na hamu, ana njia tatu ambazo zimeshazaa matunda: kusoma spektra (mwanga wa nyota uliochambuliwa rangi kwa rangi), kuchambua orodha ya nyota ya Gaia, chombo cha angani cha Ulaya, na kukagua picha za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kwenye Backyard Worlds, mradi wa watu wa kujitolea. Njia hizi hazifanani kwa gharama, wala kwa hesabu zinazohitajika. Ila tofauti kubwa zaidi ni aina ya nyota ambayo kila moja inaweza kuinasa, na wengi huchagua njia bila kuliwaza hilo. Naanza nalo.

Kasi ina nusu mbili

Nyota inaweza kuja kwako au kukukimbia, na hapo hapo inaweza kukatiza angani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nusu ya kwanza husomwa kwenye rangi za mwanga wake, yaani spektra. Nusu ya pili huonekana pale nyota inapohama mahali pake mwaka hadi mwaka, na hupimwa kwa pembe. Pembe hiyo haigeuki kuwa kilomita mpaka ujue nyota iko umbali gani.

Askari wa trafiki mwenye tochi ya kupima kasi anamnasa dereva anayemjia usoni. Gari linalokatiza mbele yake kwa ubavu laweza kwenda kasi ya kutisha na tochi isiseme kitu. Spektra ni tochi hiyo. Gaia na picha za infraredi humwona anayekatiza.

Jambo jingine la kuweka sawa mapema ni kiwango chenyewe. Hapa tulipo, karibu na Jua, nyota inahitaji takriban kilomita 530 kwa sekunde ili iponyoke kwenye galaksi. Makadirio mengi huangukia kati ya 500 na 580. Ukienda nje, mbali na kitovu, kiwango kinashuka, kwa hiyo nyota ya pembezoni yenye kasi ndogo kidogo inaweza kuwa huru ilhali yenye kasi hiyo hiyo karibu nasi bado imefungwa. Na kasi hiyo huhesabiwa kwa kuitazama galaksi yenyewe. Kasi unayoipima wewe ni ya nyota ukilinganisha na Jua, nalo Jua linakimbia, kwa hiyo mwendo wake lazima uondolewe kwanza. Nimeona mijadala mirefu mitandaoni ambayo ingekwisha kwa mstari mmoja kama mtu angeuliza: hizo kilomita umezipima dhidi ya nini?

Spektra: njia iliyofungua mlango

Wazo lilitangulia ushahidi kwa miaka 17. Mwaka 1988 Jack Hills wa maabara ya Los Alamos aliandika kwenye jarida la Nature kwamba nyota mbili zinazozungukana zikilikaribia mno shimo jeusi kubwa la kitovu cha galaksi, zitatenganishwa: moja itabaki ikilizunguka shimo, nyingine itarushwa nje kwa kasi inayoweza kufika maelfu ya kilomita kwa sekunde. Mwaka 2005 Warren Brown na wenzake, wakitumia darubini ya MMT yenye kioo cha mita 6.5 huko Mount Hopkins, Arizona, walikuta nyota ya buluu inayotukimbia kwa kilomita 853 kwa sekunde. Ikapewa jina HVS1.

Ukitaka kujua kwa nini wanasayansi waliamini haraka, tazama namba. Mojawapo ya mistari ambayo hidrojeni huacha kwenye spektra hukaa kwenye nanomita 434.0 ikipimwa maabara. Kwa nyota inayokimbia kama HVS1 mstari huo unasogea hadi karibu 435.3. Ukigawa kule kusogea kwa 434, kisha ukazidisha kwa kasi ya mwanga, unapata kasi ya nyota. Spektrografu ya kawaida tu inaona tofauti kubwa namna hiyo. Wala huhitaji kujua umbali: iwe miaka ya nuru elfu moja au laki tatu, jibu ni lile lile. Njia nyingine mbili hazina raha hiyo.

Lakini siri ya mafanikio ya MMT haikuwa kioo. Ilikuwa uchaguzi. Brown, Margaret Geller na Scott Kenyon hawakupima kila nyota. Walichagua nyota hafifu za buluu za aina ya B zilizo mbali sana nje ya sahani ya galaksi. Nyota za namna hiyo huishi muda mfupi, na kule nje hakuna mawingu ya gesi ya kuzizalisha. Ukiikuta huko, basi kuna kilichoipeleka. Kufikia 2014 walikuwa na nyota 21 zilizoponyoka, zikiwa kati ya miaka ya nuru 160,000 na 390,000 kutoka kitovu. Mtu anayeanza leo anaweza asiwe na darubini hata moja, lakini swali lao linabaki zuri: ni wapi ambapo nyota ya kawaida haina sababu ya kuwepo?

Bahati nayo ina sehemu yake. Nyota iitwayo S5-HVS1, iliyotangazwa 2019, ilipatikana na kundi lililokuwa likichunguza vijito vya nyota vilivyonyofolewa kutoka galaksi ndogo, kwa darubini ya mita 3.9 ya Siding Spring, Australia. Spektra ikaonyesha kilomita 1,017 kwa sekunde. Walipoongeza nusu ya pili kutoka Gaia, jumla ikafika 1,755, na njia ya nyota ilipofuatwa kinyumenyume ikaangukia moja kwa moja kwenye kitovu cha galaksi, karibu miaka milioni 4.8 iliyopita. Ndiyo kesi safi kuliko zote ya wazo la Hills.

Udhaifu wake sasa. Kwanza, spektra haioni kabisa nyota inayokatiza. Pili, nyota yenye mwenzake wa kuzungukana naye inaweza kukudanganya: siku moja inakuja, baada ya muda inakwenda, na ukiwa na kipimo kimoja tu huwezi kujua. Vipimo vinapaswa kurudiwa. Tatu, muda wa darubini kubwa haupatikani kwa kuomba tu kwa adabu. Kwa asiye na nafasi chuoni au kwenye kituo cha utafiti, kilichobaki ni hazina za wazi, hasa SDSS ya Marekani na LAMOST ya China, ile ya Xinglong yenye nyuzi 4,000 za kupitishia mwanga zinazonasa spektra za nyota kwa mkupuo mmoja. Hazina hizo zina mamilioni ya spektra. Ila usijidanganye: zimeshachekechwa na watu wengi wenye kompyuta kubwa kuliko yako. Utajifunza sana humo; kuokota kipya ni jambo jingine.

Gaia: utajiri na mitego yake

Chombo cha Gaia cha shirika la anga la Ulaya kilirushwa Desemba 2013, kikafanya kazi ya kupima anga hadi Januari 2025. Toleo la tatu la data zake, la Juni 2022, lina mahali, paralaksi (kule kuyumba kudogo kwa nyota tunapolizunguka Jua, ambako hutupa umbali wake) na mwendo wa ubavuni wa nyota zipatazo bilioni 1.46. Lina pia kasi ya kuja na kwenda, lakini kwa nyota milioni 33 tu, kwa kuwa kifaa chake cha spektra kiliweza kusoma zile zinazong'aa zaidi. Maana yake, kwa nyota 98 kati ya kila 100 Gaia inakupa nusu moja tu.

Na bado ni utajiri ambao haujawahi kuonekana. Huhitaji ruhusa ya mtu. Unafungua hazina kwenye kivinjari, unaandika ombi kwa lugha ya ADQL (anayejua SQL atajisikia nyumbani), unapewa safu unazotaka kwa nyota unazotaka. Usijaribu kupakua orodha nzima. Uliza swali lenye vichujio, upate mistari elfu chache ambayo haitakumalizia bando, kisha uifungue kwenye TOPCAT, programu ya bure inayokwenda hata kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua mwendo wa nyota mashariki-magharibi na kaskazini-kusini, upige mraba, ujumlishe, utafute kipeuo cha pili. Gawa kwa paralaksi. Zidisha kwa 4.74. Kama vyote viko kwenye milisekunde za tao (sekunde moja ya tao ni digrii moja ukiigawa kwa 3,600, na milisekunde ni sehemu yake ya elfu) kama Gaia inavyovitoa, jibu ni kilomita kwa sekunde. Safu ya pmra, yaani mwendo wa mashariki-magharibi, imeshazidishwa kosaini ya deklinesheni (pembe ya nyota kutoka ikweta ya anga), kwa hiyo usiizidishe tena. Wapo wanaofanya hivyo na kupata nyota zinazopunguza mwendo kadiri zinavyokaribia ncha za anga.

Mtego mkubwa umekaa kwenye lile neno "gawa". Tuseme nyota ina mwendo wa milisekunde 30 za tao kwa mwaka na paralaksi ya 0.25. Hesabu inakupa kilomita 569 kwa sekunde, na moyo unaruka. Lakini soma safu ya pili: kosa la paralaksi ni 0.2. Basi paralaksi ya kweli yaweza kuwa 0.45, na kasi ikashuka hadi 316, nyota ya kawaida kabisa ya pembezoni. Au yaweza kuwa 0.05, na kasi ikapaa hadi 2,844. Nyota hafifu za kimo cha mng'ao cha 20 zina kosa la paralaksi la karibu 0.5, kubwa kuliko paralaksi yenyewe kwa nyota nyingi za mbali. Ukipanga orodha ya Gaia kwa kasi kutoka juu kwenda chini bila kuchuja, kileleni utakuta makosa ya vipimo yaliyovaa nguo za nyota. Ndiyo maana kichujio cha kwanza cha kila mtu makini ni kwamba paralaksi izidi kosa lake angalau mara tano, na cha pili ni safu ya ruwe: ikivuka 1.4, vipimo vya nyota hiyo havikukaa vizuri, pengine kwa sababu si nyota moja bali mbili.

Hata spektra za Gaia yenyewe zina kisa chake. Toleo la pili lilikuwa na nyota moja iliyoandikiwa kilomita 614 kwa sekunde ikija upande wetu, ikapendekezwa kuwa imeponyoka. Douglas Boubert na wenzake wakaipima upya kutoka ardhini, mara nane, wakapata 56.5 tu. Kama tofauti hiyo ingeelezwa na mwenzi asiyeonekana, basi mwenzi huyo angepaswa kuwa shimo jeusi zito ajabu. Maelezo waliyofikia ni ya kawaida zaidi: sekunde 4.3 za tao kando yake kuna nyota nyingine, na kwa kuwa kifaa cha Gaia hakina tundu jembamba la kutenga mwanga wa nyota moja, mwanga wa jirani uliingia ukiwa umesogea kidogo. Kusogea huko kwenye kitambua mwanga cha chombo kukasomeka kama kasi ya kilomita 620 kwa sekunde. Hakukuwa na nyota inayokimbia. Kulikuwa na jirani mwenye kelele.

Kazi hiyo ya kufukuza washukiwa ina thamani kuliko watu wanavyodhani. Gaia ilipotoa toleo la pili mwaka 2018, Boubert na wenzake walirudi kwenye orodha ya nyota zote zilizokuwa zimetangazwa kwa miaka mingi kwamba zinakimbia galaksi. Za buluu zilivumilia vizuri. Za rangi ya njano na nyekundu, zile zinazofanana na Jua au ndogo zaidi, karibu zote zikaonekana bado zimefungwa. Ikabaki moja tu. Orodha ya miaka ya nyota hizo za njano na nyekundu karibu yote ikafutika ndani ya makala moja.

Pamoja na yote hayo, kuna nyota ambazo bila Gaia zisingejulikana kamwe. Ken Shen na wenzake walikuwa na nadharia: vibete vyeupe viwili (viini vya nyota zilizokufa) vinazungukana karibu karibu, kimoja kinalipuka chote kwa supanova, mlipuko mkubwa wa nyota, na kile kingine kinaachiwa ghafla, kikaendelea na kasi ile ile kiliyokuwa nayo kwenye mzunguko. Kasi hiyo ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Wiki chache baada ya toleo la pili la Gaia walikuwa wamechagua washukiwa saba, wakawapima kwa darubini za ardhini, watatu wakabaki: D6-1, D6-2 na D6-3. Kwa wawili kati ya hao kasi ya kuja na kwenda ni karibu na sifuri. Soma tena hapo. Ni nyota zinazokwenda zaidi ya kilomita elfu kwa sekunde, na spektra peke yake ingezipita kama nyota zisizo na haraka yoyote. D6-2 ukiifuata kinyumenyume unafika kwenye masalia ya supanova ya zamani, G70.0-21.5.

Kinyume chake nacho ni kweli. Rudi kwa HVS1, iliyo umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 300,000. Hata kama ingekuwa inakatiza kwa kilomita 700 kwa sekunde, angani ingehama milisekunde moja na nusu ya tao kwa mwaka, ilhali kosa la Gaia kwa nyota hafifu kama hiyo linakaribia nusu milisekunde. Kwa orodha ya Gaia pekee, isingemshtua mtu yeyote.

Picha za infraredi: Backyard Worlds

Hii ndiyo njia inayodharauliwa na wasomi wa hesabu, na wanakosea.

Mradi ulianza Februari 2017 kwenye jukwaa la Zooniverse. Unaonyeshwa picha za chombo cha WISE cha NASA za sehemu moja ya anga zilizopigwa miaka tofauti, zikipishana mbele yako kama filamu fupi. Kazi yako ni kuona kitu kilichohama. Lengo la awali lilikuwa sayari ya tisa inayodhaniwa kuwepo na vibete kahawia (vitu vilivyo kati ya sayari na nyota), si nyota zinazokimbia galaksi. Lakini kitu kinachohama ni kitu kinachohama.

Ndivyo ilivyopatikana CWISE J124909.08+362116.0, iliyotangazwa 2024. Watu wa kujitolea ndio walioiona, na majina yao yamo miongoni mwa waandishi wa makala. Nyota hiyo ni nyekundu, hafifu mno, ya uzito mdogo ulio kwenye mpaka wa kuitwa nyota au kibete kahawia. Ilihama sekunde 0.9 ya tao kwa mwaka. Kwenye picha za WISE, ambazo pikseli moja ina sekunde 2.75, hiyo ni zaidi ya pikseli tatu kwa miaka kumi, na jicho la binadamu linakamata jambo kama hilo vizuri kuliko programu nyingi, hasa kwenye picha chafu zenye madoa na miale.

Umbali ulikadiriwa kuwa parseki 125, sawa na miaka ya nuru 400 hivi. Piga hesabu ile ile: 0.9 mara 125 mara 4.74, unapata kilomita 533 kwa sekunde. Spektra ya darubini ya Keck huko Hawaii ikaongeza nusu iliyobaki, kilomita 103 ikija kwetu. Baada ya kuuondoa mwendo wa Jua, wanasayansi walifika kwenye 456, na kosa la 27 juu au chini. Vyombo vya habari viliandika inatoroka galaksi. Makala yenyewe ilisema iko karibu na kasi ya kuponyoka, na inaelekea haijafungwa, ingawa 456 iko chini ya ile 530 niliyoitaja mwanzoni. Hizo si sentensi mbili zinazofanana, na anayejiunga na mradi huu ajizoeze kuandika kama ile ya pili.

Faida za njia hii ni wazi. Simu yenye kivinjari inatosha. Hesabu ni hiari. Inaona nyota baridi na nyekundu ambazo ni hafifu mno kwa Gaia, na huko ndiko mahali ambapo bado pana vitu havijaguswa. Hasara nazo: utatazama picha nyingi bila kupata chochote, vitu vingi vinavyohama vitakuwa vibete vya karibu vyenye kasi ya kawaida, kwa kuwa kilicho karibu huonekana kuhama sana hata kikitembea polepole, na mwisho wa siku unategemea wenye darubini ili mshukiwa wako apate spektra.

Sasa uchague ipi?

Kama una klabu ya shule, au hupendi hesabu, au bando lako ni la kubahatisha: Backyard Worlds, bila kusita. Watoto wa sekondari wanaweza kuanza siku ile ile, na wanaona data halisi, si mfano wa kitabuni. Mwalimu aongeze ile hesabu ya 4.74 ubaoni, basi somo limekamilika.

Kama unasoma fizikia, hesabu au kompyuta chuoni na unataka mradi wa miezi kadhaa: Gaia. Lakini usiuite mradi "kutafuta nyota mpya". Uuite kupima upya washukiwa waliotangazwa kwa toleo la zamani ukitumia jipya. Toleo la nne limepangwa kutoka Desemba 2026, litakuwa na vipimo vya muda mrefu zaidi, na mwenye programu yake tayari siku hiyo ataanza mbele ya wengi. Kurudia makala iliyokwisha kuchapishwa na kupata jibu lile lile ni kazi nzuri kwa shahada ya kwanza, hata kama haivutii ukiisimulia kwenye sherehe.

Spektra ningezipa nafasi ya kwanza kwa mtu mmoja tu: aliye na msimamizi mwenye muda wa darubini au anayeshirikiana na kundi lenye nao. Kwa wengine wote spektra ziwe hatua ya pili, ya kuhakiki. Mshukiwa wako wa Gaia akiwa na spektra kwenye SDSS au LAMOST, umeokota dhahabu, maana una nusu zote mbili bila kumwomba mtu.

Ipo pia hoja ya aina ya nyota. Zilizorushwa na shimo jeusi la kitovu na sasa ziko mbali kabisa zinahitaji spektra. Nyota zilizosalia baada ya mwenzake kulipuka kwa supanova, zile zinazokwenda kasi kuliko zote, zimekuwa mali ya Gaia: Kareem El-Badry na wenzake walitangaza sita mwaka 2023, na moja yao, J0927, inakuja upande wetu kwa kilomita 2,285 kwa sekunde kwa nusu ya spektra peke yake. Nyota ndogo baridi za jirani ni za infraredi. Mtu asikuambie njia moja ni bora bila kukuuliza unatafuta nini.

Na matokeo yanayonisisimua kuliko yote hayakuja na njia moja. Zile nyota 21 za MMT zilikuwa na fumbo: nyingi zimejazana upande wa kundinyota la Simba, wakati shimo jeusi la kitovu halina sababu ya kupendelea upande. Mwaka 2025 Jiwon Jesse Han na wenzake walichukua spektra za zamani za MMT, wakaongeza mwendo wa ubavuni wa Gaia, wakahesabu pia njia ya Wingu Kubwa la Magellan. Karibu nusu ya nyota hizo hazikutoka kwenye kitovu chetu hata kidogo. Zilitoka kwenye Wingu, galaksi ndogo ambayo kutoka pwani yetu huonekana chini upande wa kusini usiku wa Desemba na Januari pasipo na taa. Maana yake ni kwamba humo mna shimo jeusi la uzito wa takriban Jua 600,000 ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Data zote mbili zilikuwa zimeshalipiwa na zimeshawekwa mezani. Waliongeza hesabu na swali.

Ukishapata mshukiwa aliyevuka vichujio vyote, usimwandikie mtu barua kwanza. Tafuta jina lake kwenye SIMBAD, hazina ya mtandaoni ya vitu vya angani, maana mara nyingi ameshatangazwa au ameshafukuzwa. Kisha fungua Aladin, programu ya kutazama picha za anga, uangalie kama ana jirani anayeng'aa ndani ya sekunde chache za tao. Halafu fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: weka chini ya picha ya kisasa ile picha ya darubini ya Palomar, Marekani, ya miaka ya 1950. Nyota inayohama milisekunde 200 za tao kwa mwaka itakuwa imesogea sekunde 12 katika miaka 60, na pengo hilo linaonekana kwa macho. Kwa anga la kusini zaidi, ambako Palomar haikufika, zipo picha za darubini ya Schmidt ya Uingereza kutoka miaka ya 1970. Muda ni mfupi kidogo lakini unatosha. Ikiwa imehama, sasa andika barua, uweke namba yake ya Gaia, mwendo na makosa yake, paralaksi na kosa lake, thamani ya ruwe, na picha hizo mbili. Wenye darubini hupokea barua nyingi za watu waliogundua mambo. Zenye safu ya makosa ndizo husomwa.